Dada, niko ofisi ya kanda: ripoti inasema vifo sifuri lakini vijijini wanazika

Shikamoo dada. Majibu yako huwa nayasoma tu kimyakimya ila leo imebidi niandike mwenyewe, maana hili jambo linaninyima usingizi na hapa ofisini sina wa kumwambia bila kuonekana namchongea mtu.

Mimi kitaaluma ni nesi. Nimefanya fildi miaka ya kutosha, kambi za wakimbizi, kampeni za chanjo ya surua, wodi za kipindupindu, mpaka nikapata nafasi ofisi ya kanda ya shirika moja la misaada ya kibinadamu, kazi yangu ni kusapoti programu za afya ya jamii kwenye nchi kadhaa. Kwenye mkataba imeandikwa vizuri sana, msaada wa kitaalamu, ubora wa huduma, maandalizi ya dharura, kusaidia kuandika maandiko ya kuomba fedha. Kiukweli nakusanya ripoti. Makao makuu wana fomu yao, kila mfadhili ana fomu yake, sisi kanda nasi tuna fomu yetu, na mimi ndo wa kuwafukuzia waratibu wa afya wa nchi wajaze. Tangu fedha za wafadhili zilipokatwa 2025 wenzangu wengi wameondolewa, timu ya afya nimebaki mimi na dada mmoja wa lishe, ila fomu haijapungua hata moja.

Waratibu hawanijibu. Naandika imeli kimya, natuma meseji naona wamesoma, kimya. Kikao kilichopita mmoja wao, mtu mzima, ana heshima yake, alianza hii kazi mimi bado niko shule, akasema mbele ya wote "nyie wa kanda mkitaka namba mnatupigia mpaka usiku, sisi tukitaka dawa mnasema linashughulikiwa". Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza maana ni kweli.

Sasa kubwa ni hili. Nchi mbili ninazozisapoti zinatenganishwa na mto. Upande mmoja kuna mlipuko wa kipindupindu, serikali imeshautangaza, na sisi tunaendesha kituo cha matibabu huko. Ripoti ya wiki ikaja, wagonjwa wengi, vifo sifuri. Nikafurahi kwakweli. Baadaye tuko kwenye simu ya mambo mengine kabisa, bajeti ya matanki, yule mwenzetu wa maji na usafi akasema kama kwa bahati tu kwamba vijana wa kujitolea wanasema mazishi yamezidi kwenye vijiji vya kule chini ya mto, mtu anaanza kuharisha usiku, kesho yake anazikwa. Nikamuuliza wangapi, akasema ameambiwa zaidi ya kumi, hana uhakika. Nikampigia mratibu wa afya, ndo yuleyule mtu mzima, akanijibu "mimi naripoti kituo changu, vifo vya kijijini sio vyangu, takwimu za nchi anatoa wizara". Nikaenda kwa bosi, akasema tuma ripoti kama ilivyo, vifo sifuri ni habari njema kwa mfadhili, tukianza maneno ya vifo vya vijijini wizara itakasirika na vibali vyetu vitakwama.

Upande wa pili wa mto wenzetu wanasema hawana mgonjwa hata mmoja. Dada, watu wanavuka huo mto kila siku.

Nitume au nisitume? Nikikataa nitaonekana mkorofi na kwa hali ya ajira ilivyo sasa hivi naogopa. Na hawa waratibu nitawapataje? Kuna wakati nawaza niache tu nirudi wodini, kule angalau ukimtundikia mtu dripu unamuona anafumbua macho.

Ni mimi mdogo wako, ofisi ya kanda

---

Marahaba mdogo wangu. Naanza na hayo mazishi, mengine yatasubiri.

Ile sifuri inaweza kuwa ya kweli kabisa. Kipindupindu kinaua kwa kuumaliza mwili maji, mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kufa ndani ya saa chache tangu aanze kuharisha, lakini akifika mapema akapewa ORS, yale maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, au dripu ya Ringer kama ameshalegea, anapona, ndio maana kituo kinachofanya kazi sawasawa kinategemewa vifo visifike hata asilimia 1 ya wagonjwa wote. Kwahiyo wenzako wa kituoni wanastahili pongezi na uwaambie hivyo. Na mazishi nayo yanaweza kuwa ya kweli. Viweke viwili hivyo pamoja ndio unaipata habari yenyewe, kwamba anayefika anapona na anayekufa ni yule asiyefika, na hakuna fomu yoyote kati ya hizo unazofukuzia itakayokwambia hivyo kwa sababu zote zinaanzia kuhesabu mlangoni pa kituo.

Hili sio jambo jipya. Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma, karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza, kipindupindu kikiongoza na kuhara damu kukafuatia, na hesabu ile ilipatikana kwa kiasi kikubwa kwa kuhesabu miili iliyookotwa barabarani na kupakiwa kwenye malori. Angetegemea vitabu vya zahanati mtu asingeelewa kilichotokea pale. Aibu ya Goma ndio moja ya mambo yaliyowasukuma watu wa misaada waanze kuandika viwango vya Sphere, yaani viwango vya chini vya huduma za kibinadamu, mwaka 1997, hivi unavyovitumia leo kujua kwamba mtu mmoja anatakiwa apate angalau lita 15 za maji kwa siku na bomba moja lisihudumie watu zaidi ya 250.

Kwa hiyo hapa sikubaliani na mratibu wako hata kidogo, pamoja na heshima yake. Mlipuko ukishatangazwa, mgonjwa anayeshukiwa kwa tafsiri inayotumika na Shirika la Afya Duniani, WHO, ni mtu yeyote anayeharisha majimaji kwa ghafla au aliyekufa kwa kuharisha huko. Aliyekufa yumo ndani ya tafsiri yenyewe. Hakuna mahali pameandikwa lazima awe amefia kitandani kwako.

Sasa ripoti. Tuma. Usibadili namba hata moja ya kituo, na wala usichukue hao "zaidi ya kumi" ukawachomeka kwenye safu ya vifo vya kituo, maana hawakutibiwa hapo, hawajathibitishwa, na ukifanya hivyo utaharibu kipimo pekee kinachoonyesha kama matibabu ni mazuri. Unachofanya ni kuongeza mstari wa peke yake. Kabla hujautuma mpigie mratibu, kwa simu sio kwa imeli, umwambie kaka naomba nikusomee nitakachoandika, asije akakutana nacho kwa watu wengine. Halafu ndio unamwandikia bosi, kwa ufupi tu, kitu kama hiki:

"Ripoti ya kituo naituma kama ilivyo, sijabadili namba. Naongeza mstari mmoja: kuna taarifa za vifo vinavyosemekana kutokea kwenye jamii, chanzo ni wahudumu wa kujitolea, havijathibitishwa, timu ya nchi inafuatilia pamoja na ofisi ya afya ya wilaya. Kama kuna sababu ya kutouweka naomba unijibu hapahapa."

Hujamtukana mtu, hujagoma, hujasema uongo. Wakubwa wengi wanaosema kwa mdomo "tuma hivyohivyo" huwa wanafikiri mara mbili wakiombwa waandike. Na akiandika usiuweke, basi unaye mshauri wa afya makao makuu, mashirika mengi yana ile njia ya kitaalamu ambayo iko pembeni ya njia ya utawala na ipo kwa ajili ya mambo kama haya. Mpelekee swali la kitaalamu, usimpelekee malalamiko: vifo vya jamii tunaviripotije kwenye mlipuko huu?

Hofu ya vibali siidharau, watu wamefukuzwa nchi kwa maneno. Lakini angalia vizuri nini hasa kinaikasirisha wizara. Kutangaza mlipuko na kutoa takwimu za taifa ni kazi ya serikali, hapo mratibu wako yuko sahihi, na shirika likitoa namba za vifo kwa mfadhili au kwa waandishi wa habari kabla wizara haijajua, hasira ya wizara inaeleweka. Ila kuwapa taarifa watu wa wizara wenyewe, kimya kimya, kwa njia yao, hiyo ni kuwasaidia kazi. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika Juni 15, 2007, zinaitaka nchi itathmini taarifa ya tukio la hatari ndani ya saa 48 na ikiona linaweza kugusa nchi nyingine iiarifu WHO ndani ya saa 24. Nchi itatathmini nini kama anayejua amekaa na taarifa kwenye simu? Kwahiyo njia ni hii, mratibu aende kwa afisa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, wakubaliane kutuma timu ndogo ya pamoja vijijini, na jambo liingie kwenye kikao cha uratibu wa afya ambacho kwa kawaida WHO na wizara wanakaa mbele. Wewe wa kanda usiruke ukaenda mwenyewe kwa wizara. Kazi yako ni kuhakikisha hiyo njia inatembea na mratibu ana gari, mafuta na mtu wa kumpeleka.

Na hiyo timu isiende kuhesabu makaburi ikarudi. Waulize familia alianza saa ngapi, alikufa saa ngapi, alikuwa na umri gani, alijaribu kwenda kituoni, nini kilimzuia. Majibu ya hilo swali la mwisho ndio dawa. Wakisema usiku hakuna usafiri, unahitaji pikipiki au boti ya rufaa. Wakisema kituo kiko mbali, weka vituo vidogo vya kunyweshea ORS kijijini kwenyewe, mhudumu aliyefundishwa, maji yaliyotiwa klorini, zinki kwa ajili ya watoto, na utaratibu wa kumpeleka mbele aliyezidiwa. Wakisema wanaogopa kwamba anayeingia pale harudi, hapo dripu haisaidii, unahitaji wazee wao na viongozi wao wa dini waje wakitembelee kituo waone kwa macho. Waulize pia nani aliosha maiti na waliomzika walikula wapi, maana mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu bado unaambukiza na msiba wenye watu wengi unaweza kuzaa wagonjwa wa wiki inayofuata.

Kuna kitu kingine kwenye barua yako ambacho umekipita haraka na mimi nimekirudia mara mbili. Habari ya mazishi uliipata kwenye simu ya bajeti ya matanki, kwa bahati. Ina maana watu wa maji na usafi na watu wa afya wa shirika hilohilo, nchi hiyohiyo, hawakai meza moja kwenye mlipuko wa ugonjwa unaotembea na maji. Hilo lirekebisheni wiki hii, kikao kimoja cha pamoja kila wiki hata nusu saa, orodha ya vijiji iwe moja, huyu aseme wagonjwa wametoka wapi na yule aseme wapi maji yamepimwa na klorini iliyobaki ni kiasi gani. Kijiji chenye wagonjwa ambacho hakuna aliyekwenda kupima maji kionekane hapohapo.

Twende ng'ambo ya mto. Wanasema hawana mgonjwa. Waulize swali moja tu, mmetafuta? Kuna tofauti kubwa kati ya kituo kilichoandika sifuri baada ya kuangalia na kituo ambacho hakikutuma chochote watu wakakisoma kama sifuri. Je vile vituo vilivyo kando ya mto vimetuma ripoti ya wiki? Vina vipimo vya haraka? Akitokea wa kushukiwa, sampuli ya kinyesi itasafirishwaje mpaka maabara inayoweza kuotesha vimelea na kuthibitisha? Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna vipimo, kwahiyo wote wanaandikwa kuhara kwa kawaida.

Na hapa mdogo wangu ndio kazi yako ya kanda ilipo, kazi ambayo hakuna mtu mwingine kwenye shirika anaweza kuifanya. Mratibu wa nchi ya kwanza anaona mpaka mtoni. Wa nchi ya pili anaona mpaka mtoni. Wewe ndio unaona kingo zote mbili. Ebola ya Afrika Magharibi ilianza Guinea mwishoni mwa 2013, ikathibitishwa Machi 2014, na kwa muda wote huo watu walikuwa wanavuka kwenda Liberia na Sierra Leone kwa ndugu zao na kwenye misiba yao kama siku zote, dharura ya kimataifa ikatangazwa Agosti 8, 2014. Walioambukizwa walipita 28,600 na waliokufa walipita 11,300. Simaanishi kipindupindu chako kitafika huko, nasema ugonjwa haukusubiri nchi tatu zilinganishe ripoti zao. Fungua mawasiliano ya moja kwa moja kati ya timu mbili za fildi, wale walio kando ya mto kweli, sio ofisi za miji mikuu, wapigiane kila wiki, wasipeane majina ya wagonjwa, wapeane vijiji na namba na njia watu wanazopita. Wizara za pande zote zijue kwamba simu hiyo ipo. Wewe kaa humo wiki za mwanzo halafu jitoe.

Halafu angalia stoo. Ng'ambo wakipata mgonjwa wa kwanza kesho, ORS ipo kiasi gani, Ringer ipo, klorini ipo? Watu wanajifariji na yale makasha makubwa ya dharura ya afya yanayohesabiwa kuhudumia watu 10,000 kwa miezi 3, lakini hayo ni ya huduma za kawaida, kipindupindu kina makasha yake na yanaagizwa peke yake. Dawa ikishafika inaweza kukwama forodhani kwa sababu kibali cha kuingiza hakikuombwa au tarehe ya kuisha imekaribia kuliko nchi inavyokubali. Mambo haya ni ya kufanya kabla ya mlipuko, na ni kazi ya kanda, kukaa na watu wa lojistiki mkajua kila nchi inataka karatasi gani, nani anasaini, inachukua muda gani. Sijui kama makao makuu watakupongeza kwa hilo, ila mratibu atakukumbuka siku dripu zimetoka bandarini mapema.

Chanjo pia. Chanjo ya kunywa ya kipindupindu kwa ajili ya milipuko inatoka kwenye akiba ya dunia inayosimamiwa na ile kamati ya kimataifa wanayoiita ICG, na anayeomba ni serikali, sio shirika lenu. Dozi ni chache, tangu Oktoba 2022 ilibidi kwenye milipuko watu wapewe dozi moja badala ya mbili. Serikali ikiomba lazima ionyeshe ni maeneo gani, wagonjwa wangapi, wamethibitishwaje na maabara, mpango wa kuchanja ukoje. Sasa jiulize, vile vijiji vya chini ya mto ambavyo kwenye makaratasi havina kifo hata kimoja, vitaingiaje kwenye hiyo ramani? Ukipata nafasi ya kuongea na bosi ana kwa ana mwambie hili kabla ya kumwambia kanuni yoyote. Sifuri anayoiita habari njema inaweza kuwanyima watu hao hao chanjo, maji na kituo cha ORS, kwa sababu vitu vyote hivyo vinagawanywa kwa kufuata namba.

Nije kwa waratibu. Yule mtu mzima aliyekusema kikaoni, umeandika mwenyewe kwamba alisema kweli. Basi mwambie. Mpigie, umwambie kaka ulichosema ni sahihi, nipe vitu vitatu vilivyokwama ambavyo mimi nikiwa huku naweza kuvikwamua, halafu nyamaza uandike. Atakutajia labda oda ya dawa, labda mkataba wa wahudumu wa jamii ambao hawajalipwa posho, labda mfadhili aliyekataa kubadilisha mstari wa bajeti. Chukua kimoja, kile unachokiweza, kifanye kiishe, umrudie umwambie kimeisha, au umwambie kimeshindikana kwa sababu hii. Wanachochoka nacho watu wa fildi ni lile "linashughulikiwa" kuliko hata jibu la hapana.

Fomu nazo, kaeni wewe na huyo dada wa lishe mzitandaze zote mezani, mkiangalia kila swali mjiulize nani anasoma jibu lake na anafanya nini nalo. Kama hakuna anayesoma, futa, ya kanda mnayo mamlaka nayo angalau. Zinazobaki jaza mwenyewe nusu yake, maana nchi zinatuma ripoti ya kila wiki ya magonjwa kwa wizara, idadi ya wagonjwa imo mle, kwanini umuulize tena mtu ambaye ana wodi imejaa? Ukichukua namba kwa mtu mrudishie kitu, mchoro mmoja, swali moja la maana, hata "naona watoto chini ya miaka 5 wameongezeka wiki mbili mfululizo, kuna nini?" Hapo anajua kuna binadamu amesoma. Namba inayokwenda na hairudi inamfundisha mtu kujaza chochote.

Na ukienda ziara, naomba sana, usiende kukagua. Muulize mratibu anataka ufanye nini ukiwa kule, kama anataka ukae na manesi wake zamu za usiku uwaelekeze jinsi ya kupima upungufu wa maji na kupanga dripu, fanya hiyo, wewe ni nesi, hakuna semina ya hotelini itakayofikia zamu mbili za kufanya kazi pamoja. Kama friji ya chanjo inasumbua, kaa na mtu wa friji muangalie karatasi ya joto, nyuzi 2 mpaka 8, mtafute imeganda lini na imeganda kwanini, maana watu wanaogopa joto wanasahau kwamba kuna chanjo zinaharibika kwa kugandishwa. Usiende na msafara wa magari na wageni katikati ya mlipuko. Ripoti ya ziara iwe ukurasa mmoja, iandike kabla hujaondoka, isome nao, mambo mliyokubaliana yawe na jina la mtu na tarehe, na jina lako liwemo.

Hayo yote huwezi kuyafanya kwa nchi zote kwa usawa mkiwa wawili, hilo nalo liseme kwa maandishi. Chagueni kwa hatari, sio kwa anayepiga kelele sana. Kwa sasa ni hizo mbili za mtoni. Nyingine mziambie wazi kwamba kwa wiki kadhaa mtajibu ya dharura tu, zitaelewa, zikijua sababu.

Kuhusu kurudi wodini, nakuelewa, na sio kukimbia. Lakini usiondoke katikati ya hili, kwa sababu ulisikia neno "mazishi" kwenye simu ya bajeti ukasimama, na uliweza kusimama kwa sababu umewahi kukaa kwenye hizo wodi. Mtu ambaye hajawahi angeendelea na hesabu ya matanki. Kama bosi atakujibu kwa maandishi ufute ule mstari, na makao makuu nao wakanyamaza, basi hapo tuongee upya habari ya kuondoka na nitakuwa upande wako. Kama atauacha upite, kaa, halafu mlipuko ukitulia omba upelekwe fildi miezi michache kusaidia moja ya nchi zako, mashirika mengi yana utaratibu wa kuazimana watu, na nchi yenyewe ndio inatakiwa ikuombe. Muulize mratibu yule kama anaweza kuandika hilo ombi, na aliandike mapema, maana idhini za namna hiyo huwa zinachelewa.